Nepi ya Siku ya Ishirini na Sita

Gari la taka la mtaa wetu hupiga muziki likija. Ukisikia muziki huo una dakika tatu za kutoka na mfuko wako. Ukichelewa, utakaa na uvundo wako mpaka keshokutwa. Alhamisi ile ya mwezi wa sita nilitoka mbio, mfuko mkononi, kandambili moja mguuni na nyingine imebaki mlangoni. Saa kumi na moja jioni, jua bado linachoma lami. Majirani walikuwa wameshapanga mstari. Nilipouinua mfuko niurushe ukapasuka kitako, vitu vikamwagika barabarani: maganda ya tangawizi, mifupa ya kuku, na nepi za mjukuu wangu. Moja ikafunguka.

Nikainama niiokote. Nikabaki nimeinama.

Mimi ni muuza rangi. Kila mtu hapa mjini Huwei analijua duka la Kang, karibu na kiwanda cha taulo. Miaka thelathini na nane nachanganya rangi. Mtu akiniletea kipande cha bati la pikipiki iliyopauka, namtolea rangi ileile, akipaka hajui kiraka kimeanzia wapi. Shule sikusoma sana, lakini kwenye rangi macho yangu hayadanganyiki. Na kile nilichokiona kwenye nepi, jua likikimulika, kilikuwa cheupe. Si manjano iliyofifia. Cheupe kama chokaa iliyotiwa maziwa kidogo ya soya.

"Mzee Kang, sogea! Gari linaondoka!" alifoka Bi Chiu, jirani yangu anayeuza tambi.

Nikatupa vingine vyote. Nepi nikaikunja, nikaishika kifuani kama mtu aliyeokota pochi, nikageuka kurudi nyumbani.

"Jamani, Mzee Kang anarudisha taka ndani!"

"Biashara imekuwa mbaya kiasi hicho?"

"Mwacheni, anakwenda kuipima rangi!"

Walicheka mpaka dereva naye akacheka. Mimi nilikuwa nakimbia.

Mkwe wangu, Pei-yun, alikuwa ndani ya ule mwezi wa mzazi, siku ya ishirini na sita. Kwetu mwanamke akijifungua anawekwa chumbani mwezi mzima, haoshi nywele, hapigwi na upepo, anakula kuku wa mafuta ya ufuta na tangawizi mpaka jasho lake linanukia jikoni. Mke wangu, A-Lan, ndiye askari wa mwezi huo. Dirisha alilifunga akaliziba kwa pazia zito la kahawia, na ndani akawasha balbu moja ya manjano, eti mwanga mkali unaharibu macho ya mzazi. Mimi nilikuwa sikanyagi humo. Nilimwona mjukuu wangu, Yu-an, kutoka mlangoni tu, katika mwanga ule wa balbu, na kila mara nilisema kimoyomoyo: rangi ya dhahabu, mtoto mzuri.

Mwanangu Po-jui anafanya kazi Hsinchu, kwenye viwanda vya vipande vya kompyuta. Anarudi Jumamosi. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa sisi wanne.

Nilibisha mlango. "A-Lan, nipe kile kitabu cha afya cha mtoto."

"Cha nini?"

"Nipe kwanza."

"Unanuka jua. Usiingie."

"Siingii. Nipe kitabu!"

Nilikijua vizuri kitabu kile. Siku Yu-an alipozaliwa nilikifungua hospitalini, na kwa tabia yangu nikavutiwa na ukurasa mmoja tu: visanduku tisa vya rangi, kimoja baada ya kingine, vya kulinganisha na choo cha mtoto. Nilicheka nikamwambia Po-jui, tazama, hata choo kina orodha kama dukani kwangu. Sita za kwanza zimeandikwa kwa juu kuwa ni za hatari. Niliangalia uchapaji nikausifu. Maneno ya chini sikuyasoma.

A-Lan alinyoosha mkono mlangoni akanipa kitabu. Nikatoka nacho mpaka barazani, nikaiweka nepi juani, nikaweka ukurasa pembeni yake. Kisanduku cha pili. Nikakisogeza. Cha tatu. Kati ya cha pili na cha tatu, wala sikuhitaji kufikiri.

"Pei-yun!" niliita kwa sauti ambayo sijawahi kumwitia mkwe. "Mwanangu, njoo hapa nje!"

A-Lan akatokea kama radi. "Umerukwa na akili? Nje? Zimebaki siku nne! Unataka akiwa mzee alie na viungo kila mvua ikinyesha?"

"Njoo uone choo cha mtoto."

"Nimefunga nepi zaidi ya mia mbili, we mzee, leo ndiyo unifundishe choo? Ni cha manjano! Nimekiona mwenyewe."

"Umekiona chini ya balbu."

"Sasa?"

"Mara ngapi nimegombana na wateja mbele yako? Mtu anachagua rangi chini ya taa, anapaka ukuta, kesho anakuja kunitukana kwamba nimemuuzia nyingine. Chini ya taa ile hata karatasi ni ya manjano! Kila kitu humo ndani ni cha manjano, A-Lan. Hata wewe!"

Hapo Pei-yun akatokea. Alikuwa amembeba Yu-an, miguu mitupu, nywele zimeganda kichwani kwa siku ishirini na sita. Alimpita mama mkwe wake, akashuka ngazi ya baraza, akasimama juani, akatazama nepi. Kisha akatazama kitabu.

"Mimi nililinganisha, Baba," alisema taratibu. "Wiki iliyopita. Usiku na mchana nililinganisha. Nikaona kama namba saba, ya kwanza kati ya zile salama. Nikajiambia nina wasiwasi wa bure wa mzazi wa kwanza."

"Si kosa lako. Ni taa."

Akamfunua mtoto uso. Sote watatu tukainama. Jua la jioni likamwangukia Yu-an usoni, akakunja paji la uso, akapiga chafya, akafungua macho. Sehemu ile inayopaswa kuwa nyeupe ilikuwa ya manjano kama kiini cha yai.

A-Lan alishika mdomo. Nilidhani atalia, au ataanza tena habari za upepo. Badala yake alisema, "Simu. Iko wapi simu? Chini ya hizo rangi kuna namba, isome wewe, mimi sina miwani. Mbona mmesimama kama sanamu za hekaluni!"

Pei-yun akapiga. Nesi aliyepokea aliuliza maswali manne: mtoto ana siku ngapi, choo rangi gani, mkojo rangi gani, ananyonya vipi. Kwenye mkojo Pei-yun akasema, "Umekoza, kama chai." Nesi akasema tuje jijini Taichung kesho saa mbili asubuhi, hospitali kubwa, na tuje na nepi.

Kesho yake tulibanana watatu mbele kwenye kigari changu cha kubebea rangi, Yu-an kapakatwa katikati, nepi ndani ya mfuko wa plastiki, madebe yakigongana nyuma. A-Lan alikuwa amemvisha Pei-yun kofia mbili na skafu, kisha, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, akaniambia niongeze mwendo.

"Mia na kumi ndiyo mwisho wa gari hili," nilimwambia.

"Basi mwisho wake uufikie!"

Daktari bingwa wa upasuaji wa watoto alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, Daktari Weng, amevaa viatu vya mpira vya njano. Alimpapasa Yu-an tumbo kwa vidole viwili, akaiangalia nepi kwa muda mrefu kuliko alivyotuangalia sisi. Damu ikachukuliwa. Kisha ikasemwa mtoto asinyonye kwa saa nne ili achunguzwe tumbo kwa mashine, ileile wanayowapimia wajawazito. Saa nne hizo nisingependa kuzirudia. Yu-an alilia, Pei-yun maziwa yakimlowesha blauzi, A-Lan akiimba nyimbo ambazo hata mwanetu hakuwahi kuimbiwa.

Baada ya kipimo Daktari Weng alituita. Po-jui alikuwa ameshafika kwa treni ya kasi, bado na kitambulisho cha kazini shingoni.

"Ini linatengeneza nyongo," daktari alisema, akichora kwenye karatasi. "Nyongo inapita kwenye mirija, inakaa kidogo kwenye kifuko hiki, halafu inashuka utumboni kusaga mafuta. Nyongo ndiyo inayokipa choo rangi. Kwa mtoto huyu kifuko kimesinyaa kama zabibu kavu, na mirija nadhani imeziba. Nyongo haina njia. Inabaki inalichoma ini."

"Kuna dawa?" aliuliza Po-jui.

"Dawa ya kuzibua hakuna. Kuna upasuaji. Tunaondoa mirija iliyokufa pamoja na kifuko, tunachukua kipande cha utumbo wake mwenyewe, tunakipandisha na kukishona kwenye mlango wa ini, nyongo ichuruzike humo moja kwa moja." Akaweka kalamu. "Ana siku ngapi leo?"

"Ishirini na saba," alisema Pei-yun.

"Ishirini na saba!" Daktari aliinuka kwenye kiti, akafungua mlango, akamwita mwenzake aliyekuwa akipita korido. "Ishirini na saba, umesikia? Ishirini na saba!" Akaturudia, macho yanang'aa. "Samahani. Ugonjwa huu tunakimbizana na siku. Tunataka kufanya kabla ya siku ya sitini. Kuna wanaoletwa ya tisini, ya mia, ini limeshakuwa gumu. Nani aligundua?"

Wote wakanigeukia. Nikaona aibu, nikaangalia viatu vyake vya njano.

"Gari la taka," nilisema.

Ilichukua wiki ya vipimo na sindano za vitamini za kusaidia damu kuganda. Siku ya thelathini na nne, saa mbili kasorobo asubuhi, Yu-an alisukumwa kwenye kitanda kikubwa kama uwanja, yeye mwenyewe akiwa katikati kama kifurushi cha nguo. Daktari Weng alisema kwanza watapiga wino kwenye kile kifuko kilichosinyaa wauone kwenye picha unakwenda wapi. Ukipita, watafunga tumbo, tutatafuta sababu nyingine. Usipopita, wataendelea.

Saa tatu unusu nesi alitoka. "Wino haukupita. Wanaendelea."

Sikujua kama nifurahi au nilie. A-Lan alikuwa na kifuko chekundu cha majivu ya ubani kutoka hekalu la Mama Matsu, mungu wetu wa bahari, anakisugua mpaka rangi inamtoka vidoleni. Po-jui alihesabu vigae vya sakafu. Pei-yun aliingia chumba cha pembeni kila baada ya saa tatu kukamua maziwa, akirudi na chupa yenye jina la mtoto. Ilikuwa chupa ya pili wakati A-Lan alipomwambia, kwa sauti ya chini ambayo sijaizoea, "Ni mimi niliyefunga lile pazia."

Pei-yun akaketi karibu yake. "Pazia haliwezi kuziba mrija wa nyongo, Mama."

"Lakini lingekuchelewesha."

"Na mimi nilikuwa na miguu. Ningeweza kwenda dirishani, sikwenda." Akampa chupa. "Mshikie mjukuu wako chakula chake, mimi nimechoka."

A-Lan aliishika chupa ile kwa mikono miwili.

Saa nane mchana Daktari Weng alitoka, barakoa shingoni, kofia imempiga mstari kwenye paji la uso. Hakungoja tumfikie, yeye ndiye aliyetukimbilia.

"Nimeona nyongo," alisema. "Nilipokata mlango wa ini, pale palipokuwa na kovu tupu, ikatoka. Tone dogo, kama kichwa cha pini. Halafu jingine. Tumeshona. Sasa tunasubiri itokee kule chini."

"Wapi chini?" aliuliza A-Lan.

"Kwenye nepi, Mama. Kuanzia leo kazi yenu ni kusubiri choo."

Basi tukasubiri choo. Sijawahi kukingoja kitu namna ile, si mshahara wangu wa kwanza, si harusi yangu. Siku mbili za kwanza, hakuna. Mtoto ana mipira puani, chakula chake dripu. Siku ya tatu akaruhusiwa maziwa kijiko. Siku ya nne akatoa upepo, na A-Lan akapiga makofi wodi nzima ikageuka. Siku ya tano kikaja choo. Tukakimbilia nepi kama kuku waliomwagiwa mtama.

Kijivu.

Pei-yun aliifunga nepi. Po-jui alirudi Hsinchu jioni ile kwa sababu ruhusa ilikuwa imekwisha, na kwenye kituo cha treni hakunitazama usoni. Nilimwambia rangi ya kwanza ukutani kamwe haionyeshi rangi ya mwisho. Nilisema tu. Sikuwa na hakika.

Siku ya saba, saa sita mchana, nilikuwa nimetoka kununua wali wa kwenye boksi. Niliporudi nilisikia kelele ya Pei-yun tangu kwenye lifti.

"Baba! Baba! Baba yuko wapi? Msiifunge! Mtu asiifunge mpaka Baba aje!"

Niliacha maboksi sakafuni, nikakimbia. Wamejazana kwenye kitanda: manesi wawili, mama wa kitanda cha jirani na dripu ya mwanawe mkononi, bibi mwingine nisiyemjua, A-Lan amepanda juu ya stuli. Wakanipisha kama mganga. Pei-yun alikuwa ameishika nepi kwa mikono yote miwili.

"Dirishani," alisema, "tuipeleke dirishani," na msafara wote ukasogea dirishani.

Nikatazama. Nina majina ya rangi elfu mbili kichwani. Nauza kijani cha majani ya chai, kijani cha mwani, kijani cha shaba ya zamani, kijani cha chura. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu.

"Sema, Baba!"

"Ni..."

"Sema basi, we mzee, utatuua!" A-Lan alinipiga begani.

"Ni kijani!" nililia. "Kijani! Cha haradali iliyoiva, kina manjano chini yake, kina nyongo, kina nyongo tele!"

Wodi ikalipuka. Nesi mmoja alinikumbatia, mama wa jirani akaanza kulia, A-Lan akashuka kwenye stuli akaanguka mikononi mwa Pei-yun, na Yu-an, uchi, aliyesahaulika kidogo kitandani, akatukojolea shuka. Pei-yun akapiga picha akamtumia Po-jui.

Ilikuwa saa ya chakula kiwandani. Kama alivyotusimulia baadaye, aliifungua ile picha mezani, akasimama juu ya kiti, akapiga kelele kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Wenzake kumi na wawili wakamkimbilia kuuliza kuna nini, naye akawaonyesha simu. Walikuwa wanakula wali wa mchuzi wa kari. "Hakuna aliyemaliza," alisema. "Lakini wote walinipa mkono."

Nisingependa mtu afikiri mambo yaliishia hapo. Siku ya kumi na moja baada ya upasuaji homa ilipanda hadi thelathini na tisa nukta mbili, na choo kikapauka tena. Vijidudu vilikuwa vimepanda kutoka utumbo hadi kwenye ini. Daktari Weng alikuja na viatu vyake akatuambia hili ndilo jambo analoliogopa, na kwamba linajirudia kwa watoto wengi. Wiki mbili za dawa za mshipani. A-Lan na Pei-yun walipokezana zamu, mmoja anashika kipimajoto, mwingine analala kwenye kiti. Kufikia wiki ya pili walikuwa wanasutana kama dada wawili.

"Mama, umevaa sweta langu."

"Lako ndilo lina joto. Nunua jingine."

Choo kikarudi kijani, kisha manjano. Manjano ya macho ya Yu-an ikafifia kidogo kidogo, kila asubuhi chini kwa daraja moja, mimi nikiifuatilia dirishani.

Siku ya kuruhusiwa Daktari Weng alitukalisha. Alisema wazi kwamba upasuaji huu humpa mtoto muda, na wengine huwapa maisha mazima na ini lao wenyewe, ila wengine huja kuhitaji ini jipya wakiwa na mwaka, au miaka kumi, au ishirini. Hawezi kuapa. Po-jui aliuliza kama yeye anaweza kukata kipande cha lake.

"Unaweza," alisema daktari. "Lakini usikate leo."

Kipimo kikubwa, cha kuona nyongo kiasi gani imebaki kwenye damu, kilikuwa cha miezi minne baada ya upasuaji. Tulikwenda wote, Po-jui akaomba ruhusa. Yu-an alikuwa mnene mashavu, anashika kila kinachomkaribia. Alikamata waya wa daktari wa kusikilizia moyo akautia mdomoni. Daktari Weng alikuwa anafungua kompyuta kwa mkono mmoja, wa pili anavutana na mtoto. Akasoma. Akasoma tena.

"Nukta nane," alisema.

"Nukta nane ni nzuri?" A-Lan aliuliza. "Ni mbaya? Mbona unatabasamu? Jamani mtu aniambie!"

"Siku mliyomleta ilikuwa tisa, Mama. Tisa kamili. Nukta nane ni ya mtoto yeyote mzima huko barabarani."

Po-jui aliufunika uso kwa mikono yote miwili. Pei-yun alicheka, akashindwa kuacha kucheka, akamnyang'anya Yu-an ule waya na kumbusu mdomo wake wenye mate. A-Lan alikuwa ameshatoa simu, anampigia Bi Chiu wa tambi, na hata kabla hajapokea alikuwa anapaza sauti, "Nukta nane! Umesikia? Waambie mtaa mzima, nukta nane!"

Tulitoka kutafuta chakula. Kulikuwa na kibanda cha supu ya ng'ombe mkabala na hospitali, foleni mpaka nje, tukapanga. Pei-yun, ambaye tangu mwezi wa sita alikuwa anakula kama ndege, alimaliza bakuli lake, akavuta la mumewe, akamaliza hilo pia, kisha akamwuliza mwenye kibanda kama pilipili imekwisha kabisa.